Bandi ya Mfuko wa Kulia

Vipande vinne vya kadi ya benki vilikutwa saa nane na robo mchana, ndani ya mfuko wa gauni jipya la rangi ya zambarau. Aliyevikuta ni mwenye gauni, na hapo ndipo mkosi wa aliyevificha ulipoanzia, kwa sababu mwenye gauni alikuwa mwanamke aliyestaafu idara ya upelelezi mwaka uliotangulia, na mtaa mzima ulikuwa bado unamwita Afande.

Mifuko hiyo aliidai mwenyewe siku ya kupimwa. Mikoba ya mkononi haipendi. Husema ukishika mkoba unabaki na mkono mmoja, na mkono mmoja haumkamati mtu. Basi alipolivaa gauni nyuma ya pazia la kujaribia nguo, kitu cha kwanza alichokitafuta ni mifuko. Yote miwili ilikuwa imepigwa bandi mdomoni, ile mishono mirefu ya muda inayozuia mfuko usitanuke kabla nguo haijachukuliwa. Wa kushoto ulimsumbua. Alivuta uzi, ukakwama kwenye fundo, ikabidi aukate kwa meno. Wa kulia haukuwa na shida. Alivuta mara moja, uzi ukaja mzima, naye akauviringisha kidoleni kwa mazoea ya mtu asiyetupa kitu kabla ya kujua kina kazi gani. Kisha akatia mkono, na vidole vikagusa kitu kigumu chenye ncha.

Alitoka na gauni mwilini, pini zikiwa bado kwenye pindo, akavipanga vile vipande juu ya meza ya kukatia. Vilikuwa vya kijani. Vilipokaa pamoja vilifanya kadi moja yenye jina la mtu, na mwenye jina alikuwa ameketi pale pale karibu, anatia uzi kwenye cherehani.

"Hiyo ni yangu," alisema Mama Pacha, polepole, kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Akafungua droo ya meza yake. Bahasha ilikuwapo, barua ya benki ilikuwamo, kadi hamna. Alikaa chini akaivuta bahasha ile mapajani, akailainisha kwa kiganja kana kwamba kilichoharibika ni bahasha.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna kaunta ya wateja, katikati cherehani na meza, na nyuma kabisa ofisi ya kioo ya mwenye mali, ambaye wafanyakazi na wateja wote humwita Madam. Walioajiriwa ni watatu: Mama Pacha, mama wa watoto mapacha na mkono bora kuliko yote mle ndani, Fundi Suti, bwana wa makoti na suruali, na dada wa usafi, mjane mpole ambaye hupiga deki wenzake wanapokwenda kula.

Asubuhi ile kila mtu alikuwa ameiona kadi. Kwa majuma kadhaa Mama Pacha alikuwa akihangaikia kadi ya mkopo. Alipeleka nakala ya kitambulisho, hati za mshahara, barua ya mwajiri, akarudishwa, akapeleka tena, mpaka ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu yake: hongera, ombi lako limekubaliwa. Alitaka kununua cherehani ya kudarizi kutoka kwa wauzaji ambao hulipwa kwa kadi tu. Tarishi alipoileta, Mama Pacha aliizungusha karakana nzima kama mama anayeonyesha kichanga, kisha akaifungia kwenye droo ambayo, kusema kweli, kufuli lake lilikuwa la kutishia panya.

Madam alitoka ofisini kwake haraka. Alikuwa mwanamke wa kupendeza, gauni limembana mwili mzima bila mahali pa kuficha hata senti, kucha ndefu zimepakwa rangi. Aliviangalia vile vipande, akamtazama dada wa usafi aliyekuwa amesimama na ufagio, na hakuuliza swali hata moja. Alisema mchana watu wote walikwenda kula isipokuwa mmoja. Akamwamuru alete mkoba wake mezani.

Hiyo ilikuwa desturi ya pale. Kila jioni, kabla ya kutoka, mfanyakazi hufungua mkoba wake juu ya meza ya mlangoni, na Madam hukagua kama hakuna zipu, lesi wala vifungo vilivyopata miguu. Mkoba wa Madam mwenyewe haukukaguliwa na mtu, na hakuna aliyewahi kufikiri ukaguliwe. Sasa mkoba wa dada wa usafi ulimwagwa mchana kweupe, mbele ya wateja wawili waliokuwa kaunta. Zikatoka kanga, dawa ya kikohozi na viatu vya kubadilisha.

"Jioni usirudi hapa tena," Madam alimwambia. "Mwizi simlei mimi."

Dada wa usafi hakulia. Alianza kukunja kanga yake, pembe kwa pembe, na ile subira yake ndiyo iliyomkera Afande kuliko kelele ambayo angeipiga.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," Afande alisema. "Mwizi anachukua kadi aitumie. Huyu kaikata. Nipe mpaka mtakapofunga, Madam. Kadi imekutwa mfukoni mwangu, kwa hiyo hata mimi ni mshukiwa."

Madam alicheka kidogo, akakubali, kwa sababu kumkatalia mbele ya wateja kungekuwa na sura mbaya. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayejali biashara, kwa nini Afande alikuja mapema hivyo ilhali aliambiwa saa kumi.

Swali hilo lilimchoma Afande mahali ambapo Madam hakupajua. Alikuja mapema kwa sababu alikuwa ameikimbia nyumba yake mwenyewe. Mdogo wake wa kike alikuwa amepiga simu kusema anapita kumwonyesha kitu, na Afande alikijua kitu hicho: kadi kama ile ile, ya benki ile ile. Wote wawili waliomba. Mdogo mtu alikubaliwa. Dada mtu, pamoja na nishani zake ukutani, alipata ujumbe ambao aliusoma mara nyingi hadi akaukariri: samahani, hukukidhi vigezo kwa sasa. Hajawahi kumwambia mtu. Na hongera ya mdogo wake ilikuwa bado imemkaa kooni tangu juzi. Basi alimjibu Madam kwamba alikuwa anapita tu.

Akaanza na Fundi Suti, kwa kuwa alionekana kufurahi mno. Fundi Suti hakuficha. Alisema tangu kadi ilipoingia mle ndani hakuna kilichozungumzwa ila kadi, na kwamba hata wateja wake wa makoti siku hizi wanamuulizia Mama Pacha. Mchana alikwenda duka la vifungo, akarudi na pakiti ya vifungo, hii hapa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuomba kadi.

"Kadi ya mkopo ni kama kuazima shati la harusi," alisema. "Unalivaa siku moja, unalifua mwaka mzima."

"Asubuhi ulimwambia Mama Pacha, tutaona itafika wapi. Alinieleza."

"Nilisema. Na imefika mfukoni mwako."

Afande alikaribia kucheka. Aliinuka, akazunguka meza za mafundi. Juu ya meza ya Mama Pacha ulilala mkasi mkubwa, mpya, unaong'aa. Aliufungua, akaukagua ulimi kwa ulimi, ulikuwa safi. Kisha akaenda ukutani, karibu na meza ya Fundi Suti, ambako mkasi mwingine mzee ulining'inia kwa kamba. Kwenye maungio yake palikuwa na unga wa plastiki ya kijani.

Fundi Suti alipoonyeshwa, uso ulimbadilika. Alisema mkasi ule ni wa wote, wa kukatia karatasi za vipimo.

"Kwa nini aliyekata kadi aliuacha mkasi uliokuwa pua kwa pua na droo, akaja kuufuata huu mbovu?"

"Kwa sababu ule ni wa kitambaa," Fundi Suti alijibu, akishangaa kuulizwa. "Mkasi wa kitambaa haukatii kitu kigumu, Afande. Unakufa makali. Fundi hawezi hata akiwa amelewa. Mkono wenyewe unakataa."

Ndipo akagundua kwamba kwa maneno hayo aliyekata ni fundi, naye ni fundi. Madam, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake mikono kifuani, alidakia kwamba ikiwa si mfagiaji basi ni Fundi Suti, na ikiwa ni Fundi Suti naye aondoke. Mafundi wapo wengi mjini.

Zamu ya dada wa usafi ilikuwa fupi. Alisema alipiga deki, akatoka uani mara mbili kubadilisha maji. Afande akamuuliza kama aliporudi alimkuta mtu karibu na gauni. Mwanamke yule aliinua macho, yakapita juu ya bega la Afande mpaka kwenye kioo cha ofisi, yakarudi sakafuni.

"Mimi nikipiga deki naangalia chini, mama. Watu siwaangalii."

Afande hakumsukuma. Katika kazi yake alijifunza kwamba anayeogopa hasemi uongo mwingi. Anasema ukweli mfupi. Akageuka kwa Madam, akamuuliza kwa heshima zote yeye alikuwa wapi wakati wa chakula. Madam alisema alikuwa ofisini, kwenye simu, kama kawaida. Sindano aliiacha zamani, kazi yake siku hizi ni wateja na mahesabu. Kisha, labda kwa kuwa Afande alitulia akimsikiliza, akaendelea bila kuulizwa.

"Na hizi benki nazo sizielewi. Fundi wa kuajiriwa anapewa kadi, watu na biashara zao wanaambiwa hawakukidhi vigezo kwa sasa. Halafu zinashangaa kadi zikiibwa."

Maneno yale yalimgonga Afande kifuani. Aliyajua. Yalikuwa kwenye simu yake, neno kwa neno, na hata ile "kwa sasa" ya mwisho, ambayo ndiyo iliyomuuma kuliko yote kwa sababu ilijifanya ina huruma. Mtu hawezi kuyaokota njiani maneno kama hayo. Ama umeandikiwa, ama huyajui.

Alimtazama Madam vizuri, safari hii bila macho ya kazi, akaona kitu alichokuwa akikiona kwenye kioo chake tangu juzi. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Madam alikuwa amekonda machoni. Lakini mtu hashtakiwi kwa kukonda. Afande alikuwa na uzi mmoja tu kidoleni, nao ndio alioamua kuutegemea.

Alirudi nyuma ya pazia, akabadilisha nguo, akalileta gauni mezani akilalamika. Mifuko imefumuka, alisema, naye hataki ipoteze umbo akilibeba nyumbani. Akamwomba Fundi Suti apige bandi mfuko mmoja. Fundi Suti alitia uzi, akaulamba ncha, akauviringisha kwa kidole gumba, likatoka fundo dogo, akashona. Mfuko wa pili akampa Mama Pacha. Fundo, kisha mishono iliyonyooka kama imepigwa rula. Hata dada wa usafi alipewa sindano ajaribu kwenye kipande cha bitana. Alishindwa kulipata tundu, na alipolipata, mshono wake ulikwenda kama njia ya mbuzi. Mama Pacha alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu saa nane.

Madam alikuwa amesogea karibu kutazama.

"Sijaona bandi kama hii," Afande alisema, akipitisha kidole juu ya kazi ya Mama Pacha. "Ndiyo maana wateja wanamuulizia yeye. Na wewe, Madam, nasikia zamani ulikuwa unashona. Au ni maneno ya watu tu?"

"Nani anasema ni maneno ya watu?"

"Siku hizi wanasema mkono wa karakana hii ni mmoja."

Ilitosha. Madam aliufumua mfuko ule kwa mvuto mmoja, fundo la Mama Pacha likaacha kitobo kidogo kwenye kitambaa, naye akawaonyesha wote kitobo kile kwa kucha yake nyekundu. Bandi ya fundo ndiyo bandi gani, aliuliza. Fundo linatoboa kitambaa. Marehemu mama yake alikuwa akimpiga kwa subana, kile kikofia cha chuma cha kidoleni, kila alipofunga fundo. Huku akisema hivyo alikwisha kutia uzi, akarudia mshono wa kwanza mara mbili mahali pale pale ili uzi ujishike, na mkono ukakimbia mdomoni mwa mfuko, mwepesi, mzuri, hata Fundi Suti akatoa sauti ya kustaajabu. Alimaliza kwa kurudia mara mbili tena. Hakuna fundo mwanzo, hakuna fundo mwisho. Kwa muda ule mfupi alikuwa ameng'aa, na Afande alimwonea huruma kwa alichokuwa anakwenda kumfanyia.

Aliuvuta uzi wa Madam. Ukaja mzima. Akauweka mezani, akaufungua ule wa kidoleni, akaulaza kando yake.

"Huu nimeutoa mfuko wa kulia saa nane, juu ya kadi. Wa kushoto ulikuwa na fundo la Mama Pacha, nimeukata kwa meno. Aliyeficha kadi aliufungua mfuko, akaufunga tena, na alifunga kama alivyofundishwa na mama yake."

Afande akaeleza bila kupandisha sauti. Aliyekata ni fundi, kwa sababu mkono ulikataa mkasi wa kitambaa. Alipomaliza alisikia ndoo ikirudi kutoka uani. Vipande viko kiganjani, gauni alilovaa halina mfuko. Gauni la mteja lipo mbele yake kwenye sanamu ya kuvalishia nguo. Akavitia humo, na ili asionekane amesimama bure alichukua sindano, kwa kuwa hakuna anayemshangaa mwenye karakana akirekebisha nguo. Angevitoa baadaye. Aliambiwa mteja anakuja saa kumi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Fundi Suti alinong'ona, na safari hii hakucheka.

"Uzi si ushahidi," Madam alisema.

"Sawa. Basi nani amekwambia kuhusu kukidhi vigezo kwa sasa?" Afande alitoa simu yake, akaufungua ujumbe ambao hakuwahi kumwonyesha binadamu, akaiweka kati ya zile nyuzi mbili. "Mimi waliniandikia. Na wewe?"

Madam aliusoma. Alipoinua uso, alikuwa si mwenye karakana tena. Alikuwa mtu aliyechoka kujizuia.

"Barua ya mwajiri nilimwandikia mimi," alisema. "Nilisaini mwenyewe, nikijua watamkataa. Mimi na biashara yangu nilikwisha kukataliwa, yeye wangempa kwa lipi? Halafu anakuja na kadi, anazungusha, ananiambia Madam shika uone. Nikashika. Wateja wanamtaka yeye. Cherehani atanunua yeye. Mwakani kaunta itakuwa yake. Nilitaka tu kwa siku moja asiwe nayo."

Mama Pacha alijibu kwa upole uliouma kuliko tusi. Alisema cherehani ile alipanga kuileta pale pale karakanani, kwa sababu nyumbani kwake hakuna nafasi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kimya. Mama Pacha alipiga simu benki. Wakaifunga kadi ile na kumwambia watamtolea nyingine. Fundi Suti alilipiga pasi gauni bila kuombwa. Afande alikaa akisubiri, akafungua jina la mdogo wake kwenye simu, akaandika hongera, akaifuta, akaiandika tena na kuituma. Hakuongeza neno. Alikuwa bado hajafika huko.

Saa ya kufunga ilipokaribia, dada wa usafi alikwenda kwenye meza ya mlangoni. Madam alimfuata. Alimwambia kwamba arudi kesho, kwamba alikosea kumwita mwizi, na kwamba anajua alimwona.

"Nilikuona, Madam," mwanamke yule alisema. "Nilidhani unashona. Nikawaza, kumbe bado anajua kushona vizuri hivi."

Kisha akauweka mkoba wake mezani, kama jioni zote, akaufungua zipu mpaka mwisho, akarudi nyuma hatua moja asubiri kukaguliwa.

Madam aliutazama mkoba ule, kanga imekunjwa pembe kwa pembe, viatu, dawa ya kikohozi. Hakuugusa. Alikwenda ofisini, akarudi na mkoba wake mwenyewe, ule wa ngozi ambao hakuna mkono mwingine uliowahi kuingia. Akauweka kando ya ule wa dada wa usafi, akaufungua wote, naye pia akarudi nyuma hatua moja, akasimama kwenye foleni.